Yeyo, Uliwaambia Mimi Si Mfanyakazi Wako

Yeyo wangu,

Siku tulipokuzika, mchungaji aliuliza kama kuna rafiki wa familia mwenye neno, na Naserian, mke wa mwanao, akanisukuma mgongoni. Nikasimama, nikapewa maikrofoni, na kila nilichokuwa nimepanga kusema kikanitoka kichwani. Nikasema “Ashe” tu, asante ya kwenu Wamaasai, nikarudi kukaa. Watu walidhani ni kilio kimenishika. Kilikuwa kilio, ndiyo, lakini pia sikujua nijitambulishe kama nani wako. Ndiyo sababu naandika. Najua hukuwa unasoma. Makaratasi yako ya hospitali na ya chifu tulikusomea mimi au Naserian. Hii nayo nitaisoma kwa sauti nikimaliza, hapa jikoni kwangu Kitengela, ili angalau iwe imesemwa.

Siku ya kwanza nilipofika kwako pampu ya kisima ilikuwa imekufa na ng'ombe walikuwa wanapelekwa mbali kunywa. Mwanao Saitoti alikuwa amepata namba yangu kwa mwenye duka la vifaa vya sola mjini Kajiado, na hakuna aliyemwambia kwamba fundi ni mwanamke. Nikashuka kwa pikipiki na sanduku langu la spana. Ukaniangalia kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

“Fundi ako wapi?”

“Ni mimi, Yeyo,” nikajibu, mama kwa lugha yenu.

“Ama wewe ni bibi yake?”

“Sina bwana. Niko na spana.”

Hukucheka. Ulivuta mtungi wa plastiki, ukaukalia, ukanitazama kazi yote kama mtu anayemlinda mbuzi aliye karibu kuzaa. Nikipanda kwenye paneli, unainua macho. Nikishika waya, unasogeza mtungi karibu. Jioni maji yalipotoka, mekundu kwanza kisha meupe, wanaume wa boma walipiga mbinja. Wewe ulinawa uso, ukanywa, ukanitemea mate kidogo viganjani, ile baraka ambayo mimi Mkamba wa Makueni nilikuwa sijawahi kupewa na mtu. Kisha ukasema, “Siku ingine ukikuja, vaa viatu refu. Hapa iko nyoka.” Nikaenda zangu na furaha kwa sababu ya hilo neno, siku ingine.

Na siku zikawa nyingi. Ulinitangaza kuliko redio. Mama wa kanisani kwenu akikwama na tangi, unampa namba yangu. Shule ya jirani ikitaka taa, unamwambia mwalimu mkuu asitafute mtu wa Nairobi. Nilizunguka Isinya, Kajiado, mpaka upande wa Bissil kwa jina lako tu. Hatukuandikiana chochote. Mtu anapiga simu, naenda, natengeneza, nakunywa chai, narudi. Hivyo ndivyo fundi wa kujitegemea anavyofanya kazi huku kwetu, na sikuona kasoro yake mpaka siku nilipotakiwa kuithibitisha.

Sikumbuki ni lini hasa ulianza kuniita *entito ai*. Nakumbuka nilimuuliza Naserian maana yake tukiwa tunaosha vikombe, akaniambia, “Msichana wangu. Hata mimi niliolewa hapa sijaitwa hivyo haraka.” Alisema akicheka, lakini alinitazama vizuri. Mama yangu mzazi aliaga nikiwa shule ya msingi. Nililelewa na shangazi aliyenitendea haki, Mungu ambariki, lakini hakuwa mtu wa majina ya mapenzi. Siku hiyo niliendesha pikipiki mpaka Kitengela nikilirudia neno lile ndani ya kofia ya chuma, nikihofia kulisahau.

Uliwahi kuja kwangu mara moja. Nilikuleta umwone binti yangu Mumbua, aliyekuwa na homa. Ulipanda ngazi ukihesabu milango ya watu kwa sauti. Ukafika, ukachungulia chini kwenye roshani, ukarudi ndani haraka, ukakaa sakafuni mgongo ukiwa ukutani.

“Hapa chini yetu nani analala?”

“Jirani.”

“Na juu?”

“Jirani mwingine.”

“Mnalala juu ya watu kama kuku,” ukasema, ukamlaza Mumbua miguuni pako, ukamnywesha maziwa uliyobeba kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mpaka leo Mumbua akinusa moshi wa kibuyu anakutaja.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Wewe ulikuwa wa kwanza kuambiwa kwamba nataka kuhama. Nilikueleza kuna nchi ya mbali, ya baridi, inayotafuta mafundi wa stima, na kwamba huko fundi ana cheti, ana heshima, na hakuna anayemuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nilikuwa nimechoka, Yeyo. Kila geti jipya Kitengela lilikuwa na swali lilelile. Nilikuwa na karatasi ya mtihani wa ufundi, nilikuwa nimefaulu mtihani wa Kiingereza, nilikuwa na mtoto wa kusomesha. Uliuliza kama huko iko ng'ombe. Nikasema ziko, zinakaa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Ukasema, “Basi hao ni watu.”

Watu wa uhamiaji wa huko walitaka uthibitisho wa kazi. Aliyeajiriwa anaenda kwa bosi wake, anaandikiwa barua moja yenye muhuri, basi. Mimi bosi sikuwa naye. Nilitakiwa nipate barua za watu niliowafanyia kazi, kila mmoja aseme nilifanya nini na kwa muda gani, na aache namba ya simu ili wakitaka wampigie. Nikaanza kuzunguka. Nyumba moja Kware, pale Rongai, niliyoitia nyaya zote kutoka msingi hadi paa, ilikuwa imeuzwa na mwenyewe kahamia kusikojulikana. Mwenye ploti mmoja hapa Kitengela, ambaye nimemtengenezea taa za ngazi mara zisizo na idadi, aliisoma barua niliyomwandalia, akanirudishia kwa ncha za vidole.

“Hii ni ya watu wa kodi?”

“Hapana, ni ya uhamiaji.”

“Wakipiga simu nitasema nini? Mimi si kampuni. Fundi, tuko poa, lakini jina langu usiweke mahali.”

Wengine walisaini. Mwalimu mkuu alisaini na akapiga muhuri wa shule mara mbili, mmoja ukiwa umepinda. Lakini faili ilikuwa bado nyembamba, na wewe ndiye uliyekuwa umenijua kwa muda mrefu kuliko wote.

Ulikuja mjini Kajiado umevaa shanga zako za kwendea harusi za watu. Tuliingia kwenye duka la kompyuta karibu na stendi, na yule mama wa kuchapa akatuandikia maelezo kwa Kiingereza, kisha akakusomea kwa Kiswahili, mbiombio, kwa sababu wateja walikuwa wamepanga foleni.

“Andika hajawahi kuniibia,” ukamwambia.

“Hiyo hawahitaji, mama.”

“Andika alikaa na mimi wakati wa kiangazi, maji ikiwa imekataa, hakurudi kwake mpaka ikatoka.”

“Mama, wanataka tu kujua ni kazi gani na miaka mingapi.”

“Sasa hao watamjua aje?”

Yule mama akakusogezea wino. Ukabonyeza kidole gumba kwenye wino, ukakibandika chini ya karatasi, ukakifuta kwenye shuka. Tulipotoka nje ulikuwa na furaha kuliko mimi. Ulinunua ndizi, ukanilazimisha kula.

Simu ikaja wakati nimekwisha kuacha kuingoja. Ulinipigia wewe mwenyewe, sauti juu.

“Entito ai, wamepiga. Wale watu wako. Nimekuongelea vizuri sana.”

Nilikuwa juu ya paa la mtu. Nikakaa.

“Waliuliza nini, Yeyo?”

“Iko msichana wa Kiswahili ile ya redio. Ameuliza, Mwende ni mfanyakazi wako? Nikamwambia hapana. Huyo hajawahi kuwa mfanyakazi ya mtu. Huyo ni msichana wangu. Anakuja hapa kama kwao.”

Mabati yalikuwa ya moto chini yangu.

“Mwende? Uko?”

“Niko, Yeyo. Ashe.”

“Hawakuniuliza tena. Wamesema asante, wakakata.”

Naserian, aliyekuwa kando yako wakati wa simu ile, alinieleza baadaye jinsi ulivyokasirikia swali lenyewe. Kwenu mfanyakazi ni yule kijana wa kuajiriwa anayelala kando ya zizi, anayekula wa mwisho na kuondoka bila kuagwa. Ulidhani wamepiga ili kunishusha. Ulisimama kati yangu na aibu kama ambavyo mama yeyote angesimama. Kila neno ulilowaambia lilikuwa kweli, na niliposikia tu nilijua limeniharibia.

Jibu lilipofika walisema kazi yangu haikuweza kuthibitishwa. Walitaja sababu kadhaa. Sikuwa na mikataba. Sikuwa na rekodi za kodi za miaka ya mwanzo. Mmoja wa watu niliowataja hakushika simu. Na mmoja alisema hakunipa kazi. Nilikuja kwako Jumamosi nikiwa nimeamua nitakuambia wamekataa, basi, bila maelezo. Lakini wewe ulikuwa unausoma uso wangu kuliko wengine wanavyosoma kitabu. Ulinibana mpaka nikaisema na ile ya nne. Na kati ya zote nne, hiyo ndiyo uliyoichukua ukaenda nayo.

“Ni mimi,” ukasema.

“Si wewe. Hata ungesema vingine, mikataba sikuwa nayo.”

“Ni mimi nilifunga njia.”

Nilirudia, nikaapa, nikamwita Saitoti akueleze kwa Kimaa. Ulitikisa kichwa, ukaenda kuangalia ndama.

Wiki iliyofuata Naserian alinipigia kutoka Nairobi. “Mwende, kuja uchukue Yeyo. Amekataa kutoka hapa.” Ulikuwa umemwamsha alfajiri akupeleke mahali nilipopeleka faili. Nilipofika niliwakuta chini ya jengo lile refu la vioo, wewe umekaa kwenye ukingo wa maua, mgongo umenyooka, shanga zote mwilini, na watu waliovaa suti wanapita wakikutazama. Askari wa mlangoni alikuwa kijana mpole. Alikuwa amekuletea maji, hukuyanywa.

“Mama anasema anataka kubadilisha maneno,” akaniambia. “Nimemweleza hapa tunapokea tu makaratasi. Wenye kuamua wako ng'ambo. Hata mimi sijawahi kuwaona.”

Ukainuka. Ukamwonyesha kidole gumba.

“Karatasi iko na hii. Hii ni yangu. Nimekuja kurudisha maneno yangu. Sema huyu alikuwa mfanyakazi wangu. Andika.”

“Mama, sina mahali pa kuandika.”

Ulimtazama kijana wa watu muda mrefu, ukiwa bado umeinua kidole. Kisha ukakishusha, ukaniruhusu nikushike mkono. Njiani kurudi, tulipofika kwenye njia panda ya kuingia kwenu ukaomba tukuache ushuke utembee peke yako. Naserian na mimi tulibaki barabarani tukitazama shuka yako nyekundu ikienda polepole kwenye vumbi, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwangalia mwenzake.

Ningekubali kupoteza nchi ile mara kumi, Yeyo, kuliko kilichofuata.

Ulibadilika. Si kwa ubaya. Ulinipokea vilevile, chai ileile, kiti kilekile. Lakini mgeni akija sasa ulininyooshea mkono na kusema wazi, kama mtoto aliyefundishwa shairi, “Huyu anaitwa Mwende. Ni mfanyakazi wangu. Amefanya kazi kwangu miaka mingi.” Ulimwambia mchungaji. Ulimwambia mnunuzi wa ng'ombe ambaye hakuwa ameuliza. Uliwaambia wajukuu zako waliokuwa wakiniita shangazi, wakacheka wakidhani ni utani, ukawakemea. Uliamini iko siku watu wale watauliza tena, na ukaapa kwamba safari hii hakuna ulimi wa mtu katika boma lako utakaokosea. Entito ai sikuisikia tena. Niliingoja. Nilikuwa nikikaa baada ya kazi kuisha, nakunywa kikombe cha pili nisichokitaka, nikidhani labda itakutoroka.

Mara moja nilijaribu. Tulikuwa tunatenganisha maharagwe, wewe na mimi peke yetu.

“Yeyo, hakuna anayesikiliza. Niite vile ulikuwa unaniita.”

Mikono yako ilisimama. “Ile jina ilikufungia njia,” ukasema. “Mimi siwezi kuitumia tena.” Ukaendelea na maharagwe.

Kisha kifua. Saitoti alikupeleka hospitali Kajiado, nami nikaja moja kwa moja kutoka kazini, nguo za kazi, mikono michafu. Ulikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda, wamekuvua shanga zote. Ulinishika kidole. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi alipopita kuwatoa wageni. Alikuwa mtu wa adabu.

“Saa za wageni zimeisha. Anabaki mtu mmoja wa familia. Wewe ni nani wake?”

Nikafungua mdomo. Wewe ukanitangulia, kwa pumzi uliyokuwa nayo kidogo, ukijitahidi kuinua kichwa ili asikie vizuri.

“Huyo ni mfanyakazi wangu. Miaka mingi. Andika.”

Muuguzi akanigeukia kwa upole. “Basi dada, utakuja kesho.”

Ningesema. Maneno yalikuwa mawili tu, msichana wake. Lakini ulikuwa unaniangalia kwa macho yaliyotulia, macho ya mtu aliyelipa deni lililokuwa linamsumbua, na sikuwa na moyo wa kukupokonya. Nikakuaga. Nilisimama nje kwenye ua pamoja na watu wengine waliotolewa, karibu na mahali wanapoanika mashuka, na nilijua dirisha lako ni lipi kwa sababu pazia lilikuwa limechanika. Hukufika asubuhi.

Imepita misimu miwili ya mvua tangu hapo. Watu huniuliza kama nitatuma maombi tena. Kule umri nao unahesabiwa, na kila mwaka unaopita wanakupunguzia alama. Nimepiga hesabu, naona hazitoshi tena. Mumbua ameingia sekondari na ana marafiki. Siku hizi nawaandikia watu mikataba hata kwa kazi ya kubadilisha swichi, wananicheka, lakini naiandika. Bado naumia nikikumbuka nchi ile. Sitakudanganya kwamba nilipona nikagundua nyumbani ni bora. Nilitaka kwenda. Ila hiyo ni hasara ninayoweza kuishi nayo, kama fundi yeyote anavyoishi na kazi iliyoenda kwa mwingine.

Siwezi kuizoea ile nyingine: kwamba ulimaliza siku zako ukijichunga ulimi, ukiamini mapenzi yako ndiyo yaliyonidhuru, na kwamba sikupata njia ya kukutoa humo. Nilikueleza kwa sababu na kwa hoja. Labda ningelia mbele yako badala yake. Labda ningekataa kunywa chai yako mpaka uniite. Sijui. Hukuwa mtu wa kugeuzwa.

Pampu yako inafanya kazi. Saitoti ameongeza tangi. Juzi Naserian alinipigia jioni, nami kwa mazoea nikamuuliza pampu imefanya nini. Akasema pampu iko sawa. Nikamuuliza basi ni taa. Akasema taa ziko. Nikasikia ng'ombe wako nyuma yake wakirudi. “Nilitaka tu kujua kama umekula,” akasema.

Nilikuwa sijakula. Nikamwambia. Akanigombeza mpaka nikapika akiwa bado kwenye simu.

Sere, Yeyo. Lala salama kwenye ardhi ya watu wako.

Ni mimi mtoto wako,
Mwende